Mkaguzi Aliyelipitisha Tela Langu

Watu wa hapa Durban wanaonijua watakwambia mimi ni mtu wa matrekta. Ni kweli. Niliacha shule darasa la tano kule kwetu Rumonge, nikafika huku na mfuko mmoja wa nailoni, na leo yadi yangu ina matrekta saba, yote ya kasi, yale yanayokimbia barabarani sambamba na malori na bado yanaingia matopeni mahali ambapo lori linakaa na kulia. Nabeba mchanga, nabeba udongo wa wajenzi, na msimu wa miwa nabeba miwa. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mwanzoni ili ujue anayeandika si mtu wa kubabaishwa. Katika mji mzima huu ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniambia "hapana" na mimi nikarudi kesho yake kuisikia tena.

Nitamwita Mkaguzi. Ndiyo kazi aliyoifanya, na ndivyo tulivyomwita sisi wageni tuliokuwa tukipeleka magari kwenye kituo chake kupimwa. Jina lake nalijua, nimeliona chini ya karatasi nyingi, lakini siliandiki. Mtu huyu aliacha kazi yake kwa kosa nililolifanya mimi. Yeye alidhani kosa ni lake. Kwa miaka minne tuliojua ukweli tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na kaka yake, na wote watatu tulinyamaza.

Kwa umbo hakuwa wa kutisha. Mfupi, mabega yameshuka, koti la buluu lililofuliwa mpaka likawa rangi ya moshi, kofia ya kufuma kichwani. Muislamu wa hapahapa Durban, wa wale ambao wazee wao walitoka pwani ya Afrika Mashariki zamani. Kiswahili chake alikitunza kama vyombo vya bibi, vya kutolewa wageni wakija. Siku ya kwanza nilipomsikia akikisema, nilidhani nimepata ndugu.

"Shikamoo Mzee," nikamwambia. "Mimi Mrundi. Tusaidiane basi."

Akaitikia marahaba kwa adabu zote, akalizunguka trekta langu, akaandika makosa kumi na moja.

"Mzee! Si tunaongea lugha moja?"

"Ndiyo maana nimekuandikia kwa herufi kubwa," akasema.

Wenzangu kwenye foleni walicheka mpaka wakashika magoti. Mkongo mmoja mwenye lori la viazi akaniambia, "Bon, karibu chuo kikuu, papa. Huyo ndiye profesa."

Alikuwa na nyundo ndogo, fupi kama ya fundi viatu. Alizigonga bolti moja moja, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Bolti iliyokaza, alisema, inajibu kwa sauti nyembamba. Iliyolegea inajibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mimi niliye na matrekta saba, ninayeweza kufumba macho na kukwambia injini ina ugonjwa gani, nilijaribu kusikiliza tofauti ile. Sikuisikia. Nilikwenda nikanunua nyundo kama yake, nikajifungia yadini siku nzima nikigonga, na bado sikuisikia. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Chakula cha mchana alikula ameyapa magari mgongo, bani yake mkononi, nusu mkate uliochimbwa ukajazwa maharage, uso ukutani, ili asije mtu na soda. Wapo waliojaribu. Muuza mbao mmoja wa Overport alimletea sambusa trei nzima siku ya Idi. Mkaguzi akapokea kwa mikono miwili, akamwombea dua ndefu, akazigawa foleni yote, kila dereva mbili mbili, kisha akalifelisha lori la yule muuza mbao kwa taa ya nyuma. "Sambusa zilikuwa nzuri," akamwambia, "ila taa haiwaki."

Lakini usidhani alikuwa jiwe. Akishakufelisha, alivua saa yake ya mkono, akaiweka mfukoni, akaingia mwenyewe chini ya tela na koti lake hilohilo, akakuonyesha breki inavyokazwa. Mara nyingine alikaa huko chini mpaka wenzake wanafunga geti. Wengi wetu tulijifunza breki kwa kulala chali kando ya mzee yule. Kesho yake unarudi, unadhani mmekuwa marafiki, anakufelisha tena.

Na mtu huyo wa sheria, barabara yenyewe alivuka alivyotaka. Robot, yaani taa ya barabarani, ni nyekundu, magari yanakuja, yeye anapita katikati mikono nyuma kama yuko uani kwake. Nilimpigia honi siku moja pale Umbilo Road. "Mzee! Wewe ndiye unatufelisha!" Akageuka katikati ya barabara akanijibu kwa sauti, "Mimi sina tani nane!" Akaendelea na safari.

Kuhusu tani, hapo ndipo tulipogombana kwa muda mrefu. Mimi nilikuja huku na akili ya kwetu, kwamba trekta ni trekta. Nani anapima trekta? Si sawa na kupima punda?

"Hii iko ya shamba, Mzee," nikamwambia.

"Shamba lako liko wapi?"

"Sina shamba."

"Mchanga uliomo ndani ni wa nani?"

"Wa mjenzi mmoja wa Sydenham."

"Anakulipa?"

"Ananilipa."

"Na barabarani unakimbia kiasi gani?"

Nikamtajia, na nilimtajia kwa majivuno, maana trekta langu lilikuwa jipya na nilikuwa nimelipita basi asubuhi ile. Akakuna shavu kwa kalamu. Akasema, trekta linalovuta jembe na kutambaa kutoka shamba hili mpaka lile ni jambo moja. Likishajifunza kukimbia kama lori, likabeba mzigo wa mtu mwingine kwa malipo, hilo ni lori lililovaa matairi makubwa, na litapimwa kama lori: taa zake, usukani wake, na zaidi ya vyote breki za tela. Tela la kukokotwa polepole linaweza kusamehewa mambo. Tela linalosukumwa na kasi halisamehewi. "Mteremko hausomi karatasi," alisema. Neno hilo alilisema mara nyingi hata madereva wakawa wanamwigiza wakiwa njiani, mmoja anaita mwenzake dirishani, "Wena, wewe! Mteremko!" na mwenzake anamalizia.

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa.

Sisi wabebaji wadogo, Warundi, Wakongo, Watanzania wawili watatu, tulikuwa na kitu tulichokiita nguo ya harusi. Ilikuwa seti ya matairi mazuri, karibu mapya, yanayozunguka kutoka yadi hii mpaka yadi ile. Gari lako likitakiwa kupimwa, unapiga simu: "Nguo iko kwa nani?" Unaifuata, unalivalisha gari, unakwenda kituoni, gari linapendeza kama bwana harusi. Ukipata cheti unavua, unampelekea mwenzako. Kila mtu kwetu ameshawahi kuoa na suti ya kuazima, kwa hiyo hakuna aliyeona ni wizi. Tuliona ni ujirani.

Siku yangu ilipofika, Mkaguzi alichuchumaa mbele ya tairi la kushoto la tela akakaa hapo muda mrefu. Akaliwekea kidole. Palikuwa na mkwaruzo mdogo ubavuni, kama kovu la ndui.

"Tairi hili nalifahamu," akasema. "Mwaka huu limeoa mara tatu."

Nilitamani ardhi inimeze. Foleni nzima ilisikia. Nilirudi nyumbani nimefelishwa, nimeshika cheti cha aibu, na badala ya kununua matairi na kunyamaza kama mtu mwenye akili, niliingiwa na kiburi. Nilimwambia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye alikuwa dereva wangu wa kwanza na mtu niliyemwamini kuliko wote, "Mzee huyu anaona vya nje. Tutamvalisha vya ndani."

Tukaazima breki.

Ndiyo, breki. Nilinunua matairi mapya kweli, akayaona, akaridhika. Lakini ndani ya magurudumu ya tela tulifunga breki za mtu wa Isipingo, nzima, safi, kila kitu. Mkaguzi akazipima kwa mashine, akaingia chini, akazishika kwa mkono, akagonga na nyundo yake. Akatoka anafuta vumbi magotini na kwa mara ya kwanza alinipa mkono. "Hili nimelipitisha kwa moyo mweupe," akasema. "Umejifunza." Mchana uleule tulizivua, tukarudisha zangu za zamani. Nilikuwa nimepanga kuzibadilisha mwisho wa mwezi. Nililipanga kweli. Mwenye kupanga ni mimi.

Wiki ya pili, kwenye mteremko wa kutoka Westville, tela limejaa mchanga, shemeji akakanyaga breki, na tela halikusimama. Likalisukuma trekta kama mtu anayesukumwa mgongoni kwenye ngazi. Akalielekeza ukutani makusudi ili lisifike chini kwenye magari yaliyosimama kwenye robot. Hakufa mtu. Mguu wake wa kulia ulivunjika mara tatu, na mpaka leo anaukokota.

Polisi walipokuja kuuliza, nilisema breki zimekufa ghafla. Shemeji, kitandani, alisema hajui. Wakaenda kwa Mkaguzi wakamwekea karatasi mbele. Nasikia hakujitetea hata neno moja. Nasikia alisema, "Sahihi ni yangu, mkono ni wangu," akavua koti la buluu, akalikunja, akaliacha juu ya meza. Alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu kwa heshima, na keki, na hotuba. Aliondoka na nyundo.

Mke wangu alijua ukweli kwa kaka yake. Hakupiga kelele. Aliwachukua watoto akahamia kwa dada yake Sydenham, na mimi nikabaki Westville katika nyumba ya vyumba sita niliyoijenga ili watu waione. Westville ni kuzuri, miti kila upande. Jirani yangu wa kulia tunapungiana mikono kila mmoja akiwa ndani ya gari lake. Geti linafunguka lenyewe na kujifunga lenyewe. Watoto wangu wakija wananiongelesha Kiingereza, na mimi nawajibu kwa sauti kubwa ili wasijue nimeelewa nusu.

Kwa hiyo nilianza kwenda kwa Mkaguzi. Ningeulizwa nilikwendea nini mara ya kwanza, ningesema huruma. Alikuwa mjane, anakaa ghorofa ya tatu kule Umbilo, chumba na jiko. Nilibeba ndizi na sukari, nikapanda, nikagonga. Alinikaribisha bila hata swali. Akapika wali na dali, tukala, akaniuliza habari za mguu wa shemeji. Jumapili iliyofuata nikatoka kanisani nikajikuta nimeshapiga kona kuelekea kwake. Ikawa desturi. Miaka minne, Jumapili kwa Jumapili. Tulicheza karata, alinishinda. Nikijisifu alinitazama tu. Pale ndipo palikuwa mahali pekee Durban ambapo nilinyamaza bila kuona vibaya.

Lakini nilimwona. Nilimwona anavyozima jiko, anarudi, anagusa kitufe, anakaa, anainuka, anagusa tena. Mlango vilevile. Mtu aliyekuwa anasikia bolti iliyolegea kwa sikio, sasa haamini kama amefunga maji. "Nilishika kitu kibovu nikakiona kizima," aliniambia wakati mmoja, anachanganya karata. "Tangu hapo sijui lini jicho liko, lini halipo."

Binti yake mmoja yuko Cape Town, nesi, analea mtoto peke yake. Kila baada ya miezi michache anampigia simu baba yake: njoo ukae nasi, nisaidie kumpeleka mtoto shule, gari lipo. Kila mara alikataa. Na kila alipokataa nilimwambia, "Umefanya vizuri, Mzee. Cape Town baridi. Utaongea Kiswahili na nani kule?" Naandika hilo kwa mkono wangu. Nilijua kwa nini anakataa, nilikuwa na neno moja la kumfungua, na nilimpa habari za baridi.

Jumapili ya mwisho ilikuwa ya joto. Nilimkuta hajapika. Mezani pametandazwa karatasi ya ukaguzi wa tela langu, nakala yake mwenyewe, imekunjuliwa mpaka mikunjo imekatika. Pembeni alikuwa amechora gurudumu kwa penseli, na mishale.

"Kaa," akasema. "Binti amepiga. Safari hii amelia."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia mtoto hakabidhiwi kipofu." Akavaa miwani. "Wewe ndiye mwenye tela. Nimelipitia mara mia hili jambo, sipaoni mahali. Hapa niliingia chini. Hapa nilishika. Hapa mashine ilisoma sawa pande zote. Nionyeshe nilipopitiwa, mwanangu. Nikipaona tu nitatulia."

Hakuwahi kuniomba kitu. Hata chumvi alijifuatia mwenyewe. Nilitazama ile michoro. Nikaona nikinyamaza siku ile, nitakuwa nimenyamaza mpaka anakufa, na nitamzika, na watu watasema nilikuwa rafiki yake.

"Hukupitiwa, Mzee."

"Usinifariji."

"Sikufariji. Breki ulizozishika hazikuwa zangu."

Akainua uso.

"Za nani?"

"Za mtu wa Isipingo."

"Nguo ya harusi?"

"Nguo ya harusi."

"Haibo." Alisema polepole, kama anaonja. "Mpaka breki? Matairi nilijua. Nani anaazima breki? Mtu anaazima hata moyo?" Kisha akaanza kuniuliza haraka haraka, sauti ya kituoni imemrudia. "Mlivua saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Uleule."

"Ulizirudisha zako za zamani?"

"Zilezile."

"Zilikuwa zimelika kiasi gani?"

"Chuma kwa chuma, Mzee."

"Kwa hiyo nilizoshika zilikuwa nzima."

"Zilikuwa nzima."

"Na mashine ilisema kweli."

"Ilisema kweli."

Akaegemea kiti. Nilisubiri anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Baba yangu alinizoesha.

"Ulipokuja hapa mara ya kwanza," akasema, "ulijua ninavyojiona?"

"Nilijua."

"Ukakaa."

"Nikakaa."

"Ukala wali wangu."

Nikainama nikatazama mishale ya penseli.

Alinisogezea kalamu na upande wa nyuma wa ile karatasi. "Andika. Kwa kituo. Kama ulivyosema, usipambe." Nikaandika. Mimi na kalamu si marafiki, mistari sita ilinichukua muda kuliko kubadilisha gurudumu. Nikatia sahihi. Akaichukua, akaisoma amesimama, midomo inachezacheza, akaenda dirishani na simu.

Binti alipokea. Akaanza kumsomea barua yangu, sentensi moja moja, akiigeuza Kiingereza kile chake kinyoofu cha ofisini. Alipofika kwenye maneno kwamba mkaguzi alizipima breki nzima na hakukosea, aliyasoma, akayasoma tena. Nikasikia sauti ya mwanamke inapanda kwenye simu. Mzee alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, cheko la kukohoa, machozi yanashuka hadi ndevuni. Alimuuliza shule ya mtoto inafungua lini. Alimuuliza gari ni la aina gani na lina breki za namna gani. Wakawa wanaongea wote wawili kwa pamoja.

Nilikuwa bado nimesimama kando ya meza. Akageuka, akaniona, akafunika simu kwa kiganja.

"Bado uko hapo?" akasema. Wala si kwa ukali.

Nikashuka ngazi.

Kituo kiliniita, nikaenda, nikajibu, nikabeba nilichostahili kubeba. Matrekta yalilala muda, sasa yanatembea, na breki zake ni zake. Shemeji nilimwambia nimesema. Alitikisa kichwa tu, akaenda kufungua geti la yadi. Mkaguzi nilimpigia mara tatu. Simu inaita vizuri kabisa, mpaka inakatika.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikajikuta Umbilo, nimeegesha mahali pangu pale pale. Dirisha lake la ghorofa ya tatu lilikuwa wazi, na mwanamke nisiyemjua anakung'uta zulia. Aliniona natazama juu.

"Unatafuta mtu?" akauliza kwa Kizulu.

Nikamwambia hapana, nimesimama kupumzisha injini. Akaniangalia, akatazama gari, akacheka, maana injini ilikuwa bado inanguruma.